Nani Atasimama Katikati

Novemba 2

Theluji ya kwanza imeanguka leo, nyepesi kama unga unaovuja mfukoni. Kufika alasiri ziwa lilikuwa halionekani tena. Nilisimama kwenye dirisha la juu la ukumbi wa michezo nikiangalia maji na mbingu vikigeuka kitu kimoja, mpaka Kocha Pruett akaja kando yangu na kikombe chake cha kahawa. Yeye ndiye kocha mkuu wa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu hapa chuoni, mimi ni msaidizi wake, na wachezaji warefu ndio kazi yangu. Ziwa hakulitazama. Aliniuliza nani atacheza senta msimu huu, yule mchezaji wa katikati chini ya kikapu.

Nikamwambia tunao watatu. Akasema anajua ni watatu, amewasajili mwenyewe. Anachotaka ni jina moja.

Wa kwanza ni Tessa Sobczak, yuko mwaka wa nne, nahodha wetu. Goti lake la kulia lilipasuliwa masika yaliyopita na sasa daktari amemruhusu. Haruki sana, wala hana mbio, ila anajua mpira utaangukia wapi wakati sisi wengine bado tunautazama hewani. Wa pili ni Linnea Brusk, mwaka wa kwanza, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Wisconsin. Ni mrefu kiasi kwamba huinama hata kwenye milango isiyomlazimu kuinama, na wenzake wameshambatiza Mnara. Wa tatu ni Mikaela Denomie, kila mtu anamwita Mika, wa mwaka wa pili. Huyo ni wa hapa hapa, kwao ni kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa ng'ambo ya ghuba. Ni mfupi kwa nafasi ile. Tulimweka pale kwa kuwa anaruka kama ana chemchemi miguuni na hana adabu hata kidogo na mipira ya watu.

Nilimjibu Pruett palepale: Tessa. Sikuona haja ya kufikiri.

Novemba 5

Linnea amedondosha pasi nyingi kuliko alizodaka. Kila akidondosha, anaomba radhi. Namshuku kwamba anauomba radhi mpira wenyewe.

Novemba 9

Leo tulikuwa tunafundisha kuipa pete ya kikapu mgongo, kupokea mpira, kugeuka na kutupa. Zoezi la watoto. Tessa alilifanya kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mika alilifanya vibaya lakini kwa kelele, akimtisha hata yule aliyekuwa anampasia. Ilipofika zamu ya Linnea, mpira ulimgonga begani ukaenda zake. Alikuwa anaangalia dirishani, theluji inashuka taratibu nje, naye macho yamelegea kama ya mtoto anayesikiliza hadithi.

Pruett akapuliza filimbi. Akamwuliza kama yuko nasi. Linnea akasema yuko. Pruett akamwambia hapana, wewe uko dirishani, na sisi tuko huku.

Jioni nilimwambia Pruett kwamba yule msichana ana urefu tu, mengine hana. Ndivyo ninavyoamini. Urefu kampa Mungu, na yeye haonekani kujua afanye nao nini.

Novemba 16

Mechi ya kwanza, tumeshinda. Tessa pale katikati kama nguzo ya nyumba.

Novemba 28

Sikukuu ya Shukrani kwa dada yangu. Bata mzinga, boga, sauna, usingizi. Ghuba imeanza kushika barafu pembezoni.

Desemba 4

Wameanza kuzoeana. Wakati wa kunyoosha viungo, Mika alikuwa amelala chali chini ya kivuli cha Linnea, akamwuliza, "Eti, huko juu kuna hewa?"

Linnea alifikiri kidogo. "Ipo," akasema. "Ila inanuka kichwa chako."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, Mika kuliko wote. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tumemsikia akisema sentensi isiyokuwa na samahani ndani yake. Tessa alicheka mpaka akashika ukuta. Alipouacha ule ukuta, aliuacha polepole. Nililiona hilo, nikalipita.

Desemba 12

Baridi kali. Ziwa linatoa mvuke. Asubuhi nilipofika, mvuke umepanda mpaka barabarani, na wanafunzi wanatembea ndani yake bila miguu, vichwa na mabega tu vikielea kuelekea madarasani. Nilikaa garini nikiwatazama mpaka vioo vikaganda. Mazoezini hakuna jipya. Tessa ni Tessa.

Desemba 20

Wameondoka kwenda makwao. Ukumbi mtupu una sauti yake, namna ya mvumo, kama sikio lililozibwa kwa kiganja.

Januari 6

Wamerudi. Linnea kaleta jibini ya kwao, gurudumu zima, na wamelimaliza wakiwa wamekaa sakafuni kama wachungaji. Mechi za ligi zinaanza wiki hii. Pruett aliniuliza tena, nikampa jina lile lile.

Januari 11

Sikutaka kuyaandika haya, lakini nisipoandika sitalala.

Baada ya mazoezi nilirudi kuchukua glavu zangu nilizosahau. Chumba cha kubadilishia nguo nilidhani hakina mtu. Tessa alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kiti, na goti lake limevimba kama mkate uliozidi hamira. Juu yake ameweka mfuko wa theluji, si barafu ya chumba cha tiba bali theluji aliyoizoa nje mwenyewe, ili asionekane akiomba barafu.

Tulitazamana. Hakuuficha mguu, maana hapakuwa na pa kuuficha.

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Nikamwuliza kama daktari anajua. Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kuongea, kwa sauti ya chini, bila kulia, kama mtu aliyekwisha kujipanga. Kwamba huu ndio msimu wake wa mwisho na hakuna mwingine. Kwamba tangu akiwa darasa la nne hajawahi kuwa kitu kingine, ni senta. Kwamba hapati shida sana akicheza, shida inakuja baadaye, na baadaye ni yake peke yake.

"Kocha," akasema, "sikuombi unidanganyie. Nakuomba usiseme tu. Mpaka ligi iishe."

Sikumwahidi. Lakini pia sikumkatalia. Nilichukua glavu zangu nikatoka, na njia nzima theluji ilikuwa inashuka kwa mafungu makubwa yasiyo na sauti, nikawa naendesha kama mtu aliyeko chini ya maji.

Januari 13

Tumeshinda. Tessa hakukosea kitu. Nilitazama goti lake mechi nzima na mchezo sikuuona.

Januari 16

Tumeshinda tena. Pruett anacheka siku hizi. Sijasema.

Januari 18

Sijasema.

Januari 21

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa sarakasi katika shule ya watu, kwenye mji mdogo ambao hata jina lake limefunikwa, maana kibao kiko chini ya theluji.

Jana tulikuwa tunarudi kutoka mechi ya ugenini. Dhoruba ilitukuta msituni. Mwanzoni dereva aliona barabara, baadaye akaona vigingi vya kando ya barabara, mwisho hakuona kitu, akasimama. Polisi wakatuongoza mpaka hapa, wakatufungulia shule ya msingi. Usiku tulilala kwenye ukumbi wao mdogo wa michezo, tumepangana kama magunia.

Leo kumekucha bila jua, mwanga mweupe tu uliotoka kila upande. Madirisha yote ni meupe. Akina mama wa mji walikuja wamevaa viatu vya theluji, wakatuletea supu na pasti, mikate ya moto iliyojazwa nyama na viazi, wakatuambia tusiwe na haraka, hakuna anayekwenda popote. Umeme ulikuwa dhaifu, nusu ya taa haziwaki. Hakuna aliyekuwa na filimbi mkononi, wala hakuna aliyemwambia mtu afanye nini. Wasichana wakaanza kucheza wenyewe, wamevaa soksi, kwenye kile kiuwanja cha watoto chenye pete iliyopinda.

Na hapo nikamwona Linnea.

Alikuwa amesimama mbali na pete, kule mbele karibu na duara la kati, mahali ambapo senta hana kazi. Hakuna aliyemweka pale, alijikuta pale tu. Mtu akampa mpira. Akaushika juu ya kichwa chake, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote usingeweza kuufikia, akatulia. Macho yake yalikuwa yamelegea vile vile kama siku ya dirisha. Mika alikatiza nyuma ya wenzake, na kabla hajafika popote, mpira ulikuwa umeshafika alikokuwa anakwenda, ukamsubiri. Mika akaudaka kwa mshangao, akauweka kikapuni. Wakarudia. Linnea akaupitisha chini, akaupitisha nyuma ya mgongo, akaudundisha katikati ya watu watatu kama uzi unaoingia kwenye tundu la sindano. Hakuomba radhi hata mara moja. Ilikuwa kama kumwangalia mtu akitembea usingizini katika nyumba aliyozaliwa.

Nilikaa pale na supu yangu imepoa. Nilikuwa nimemwona msichana huyu tangu vuli, nikasema hana kitu.

Kisha nikamtafuta Tessa kwa macho, nimwonyeshe. Hakuwepo pale walipo wenzake. Alikuwa amepanda ghorofani kuleta maji, na sasa alikuwa anashuka. Alidhani wote tunatazama mchezo. Alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, ametupa mgongo, anashuka kinyumenyume, mguu mmoja unatangulia na mwingine unavutwa, kama bibi yangu alivyokuwa akishuka mwaka wake wa mwisho. Ana umri wa miaka ishirini na mmoja.

Alipofika chini aligeuka, akaweka uso wake wa siku zote, akaja na ndoo ya maji.

Januari 22

Barabara imefunguliwa. Ndani ya basi nilihamia kiti cha karibu na Kocha Pruett nikamwambia yote, goti na theluji kwenye mfuko, na ngazi. Hakunigombeza. Alitazama mashine ya kukwangua theluji iliyokuwa mbele yetu, ikirusha mawimbi meupe kushoto na kulia, mpaka tukafika nyumbani. Kisha akamwita Tessa ofisini, na kesho asubuhi atapelekwa kupigwa picha ya goti.

Januari 24

Gegedu la goti limekwisha upande mmoja. Lazima apasuliwe tena. Daktari hakumkataza kabisa kugusa mpira. Alisema akitaka anaweza kucheza dakika chache, lakini kila dakika inaula mguu atakaouhitaji akiwa mtu mzima. Pruett amemtoa kwenye kikosi cha kwanza. Ataendelea kuvaa jezi na kukaa benchi.

Tessa alinikuta kwenye korido. Nilitegemea atapiga kelele, hakupiga.

"Kusema kwako hakuniumi," akaniambia. "Kinachoniuma ni kusema bila mimi. Ningemwambia mwenyewe."

"Lini, Tessa?"

"Leo. Kesho. Sijui. Lakini ningekuwa mimi. Ni goti langu, Kocha. Ungekuja kwangu kwanza, ukaniambia, naenda kusema, twende wote. Ningekuja."

Akaniacha nimesimama pale. Tangu saa ile najiuliza kama angekuja kweli. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikumpa nafasi ya kujua yeye mwenyewe.

Januari 27

Linnea senta. Tumefungwa.

Januari 30

Tumefungwa. Amesimama chini ya pete, ameipa mgongo kama tulivyomfundisha, na wasichana wafupi wanamsukuma kama wanahamisha kabati. Tessa anaketi mwisho wa benchi. Hanisalimii.

Februari 1

Theluji bila kupumzika. Majirani wanachimba njia za kuingilia milangoni, na njia zimekuwa mahandaki. Ukitembea unaona ukanda wa mbingu tu juu yako. Nimefurahi kutoonekana na mtu.

Februari 3

Nimemsindikiza Linnea mabwenini baada ya mazoezi. Tulitembea ndani ya handaki la theluji, yeye mbele, kichwa chake peke yake ndicho kilichokuwa juu ya kingo. Nilimwuliza kile nilichopaswa kumwuliza Novemba: unaangalia nini unapokuwa dirishani?

Alisema haangalii chochote. Akaona nasubiri. Ndipo akaniambia kwamba kwao alikuwa anatumwa alfajiri kuleta ng'ombe kutoka malishoni, na mara nyingi kulikuwa na ukungu ambao huwezi kuona hata mkono wako. Ng'ombe huwaoni, akasema. Ukiwatafuta unapotea. Kwa hiyo alijifunza kutowatafuta. Alisimama, akalegeza macho, akaangalia mahali palipo wazi, na kutokana na palipo wazi akajua wao wako wapi na wanaelekea wapi.

"Uwanjani hivyo hivyo," akasema. "Siwaangalii watu. Naangalia mahali ambapo hapana mtu. Halafu mtu anakuja. Lakini kila nikipokea mnanitaka nigeukie pete na ukuta, Kocha, na huko sioni kitu."

Theluji ilikuwa inamwangukia kwenye kope na hakuipangusa. Nilitaka kumwomba radhi nikaona nitamtisha. Nikamwambia tu alale mapema.

Februari 5

Kikao cha kutazama video za mechi tulizofungwa. Pruett alikuwa na hasira ya kuchoka. Alisema anafikiria kumweka Mika senta moja kwa moja, afe na mtu mfupi mwenye hasira kuliko kufa na mrefu mwenye usingizi. Mika akainua mkono kuuliza kama hiyo ni sifa au tusi.

Tessa akazungumza kutoka nyuma. Alimwambia Pruett amtoe Linnea chini ya pete. Alisema tunamweka pale kwa sababu ni mrefu, hatuna sababu nyingine. Yule mtoto anauona uwanja wote kutoka juu, nanyi kila akipokea mpira mnamgeuza atazame ukuta. Mwekeni mbele, kwenye mstari wa mitupo huru, apokee mpira akiwa anatutazama, na Mika acheze chini aruke anavyotaka.

Pruett akanigeukia. Nikasema ndivyo nilivyoona kule shuleni siku ya dhoruba, na nilipaswa kusema siku ile ile. Tessa hakunitazama, lakini aliniacha nimalize.

Pruett akatafuna kalamu. "Haya," akasema. "Tujaribu wazimu."

Februari 7

Tumeshinda. Mimi mwenyewe sikuelewa jinsi mipira ilivyokuwa inapita.

Februari 10

Tumeshinda. Tessa amehama mwisho wa benchi. Sasa anakaa kwenye kiti cha kwanza, na kila Linnea akitoka kupumzika hukaa kando yake, Tessa akimnong'oneza huku amefunika mdomo kwa taulo. Nikipita wananyamaza.

Februari 14

Mika amewagawia wenzake biskuti za umbo la moyo zilizoungua. Amesema upendo wa kweli una chembechembe za mkaa.

Februari 19

Jua, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ghuba yote imeganda na inang'aa mpaka macho yanauma. Watu wamesimamisha vibanda vya kuvulia samaki juu ya barafu, na kwa mbali vinaonekana kama kijiji kilichoota katikati ya maji. Tumeshinda jana. Tumeingia nusu fainali.

Nimemwona Tessa akivuka uwanja wa chuo. Nikapunga mkono. Akainua wake kidogo, kama mtu anayeota moto.

Machi 1

Nusu fainali, ugenini. Nimefika hotelini sasa hivi na bado masikio yanavuma, lakini nataka kuyaweka kabla hayajawa ndoto.

Ukumbi wao ni mkubwa kuliko wetu, na senta wao ni msichana mkubwa mwenye mabega ya mpasua magogo. Robo tatu za kwanza tulikwenda nao bega kwa bega. Linnea alicheza kama kule shuleni, macho yamelegea, mipira ikimtoka mikononi kabla ya mtu kujua imefika. Lakini yule mkubwa alikuwa anamjia kila mara anaporudi kuzuia, na faulo zikawa zinaongezeka. Zikiwa zimebaki dakika chache, tukiwa mbele kwa kikapu kimoja, refa akapuliza, akamwonyesha kidole. Faulo ya tano, na ya tano ni kutolewa. Linnea alisimama akimtazama refa bila kulalamika, kisha akatoka. Safari hii pia hakuomba radhi. Alikaa, akajifunika taulo kichwani.

Pruett akaomba muda. Wasichana wakakusanyika. Niligeuka nikaona Tessa ameshavua koti la mazoezi. Alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, jezi imechomekwa vizuri, na kama ungekuwa mgeni ungesema mguu ule hauna kasoro yoyote. Mama yake alikuwa jukwaani, ameweka viganja viwili mdomoni.

Pruett aliniita kwa jina. "Marjo. Yupi?"

Ndilo swali lile lile la siku ya theluji ya kwanza, na safari hii pia jibu nilikuwa nalo. Nilijua Tessa akiingia atasimama mahali panapotakiwa kila mara, na pengine tutashinda. Nilijua pia zile ngazi. Mdomo ulishafunguka kusema jina la Mika. Halafu nikaufunga.

Nikaenda nikasimama uso kwa uso na Tessa, maana kelele zilikuwa nyingi na nilitaka anisikie. Ndiyo mara ya kwanza kumkaribia tangu korido.

"Nimwambie nini, Tessa?"

Alinitazama. Aliangalia uwanja. Aliangalia yule mkubwa wa mabega akinywa maji. Akashuka kuliangalia goti lake, na niliona uso wake ukifanya kitu nisichoweza kukieleza, kama mtu anayezima taa ya chumba akijua hatakirudia.

"Mwambie Mika," akasema.

Kisha akamvuta Mika kwa jezi mpaka mapaji yao ya uso yakagusana.

"Sikiliza. Yule akipata mpira anageukia kulia. Kila mara. Nimemhesabu mechi nzima. Usimrukie. Wewe huruki leo. Nenda kasimame pale anapotaka kwenda, mapema, mikono juu, miguu chini."

"Na akigeukia kushoto?"

"Hatageuka."

"Na akigeuka je?"

"Basi kesho nitukane."

Mika akaingia. Walitukaribia mpaka tukabaki mbele kwa pointi moja, na mpira wa mwisho ulikuwa wao. Kila mtu ukumbini alijua utakwenda kwa nani. Yule mkubwa aliupokea, akaipa pete mgongo, akaudundisha mara moja, akageukia kulia. Na kulia alikuwepo Mika, ameshafika, mfupi, mikono juu, miguu imepandwa, hana anachofanya zaidi ya kuwepo. Akamgonga kifuani kwa uzito wote. Mika akaruka nyuma akateleza kwa mgongo mpaka chini ya viti vya wapiga picha.

Filimbi. Refa akaonyesha upande wetu. Faulo ni ya mshambuliaji, mpira ni wetu, tumeshinda.

Mika alikuwa bado amelala chali, anacheka. Linnea alitupa taulo. Nami nilikuwa simwangalii yeyote kati yao, nilikuwa namwangalia Tessa. Alikuwa amesimama na mikono yake miwili juu, miguu chini, vile vile alivyomwagiza Mika, kana kwamba yeye ndiye aliyegongwa.

Machi 2

Fainali tumefungwa, na hatukuonewa. Ndani ya basi wameimba kidogo, wakalala.

Machi 9

Matone yanadondoka kutoka kwenye mapaa. Pruett ameniuliza kuhusu mwaka ujao. Nikamwambia aniache mpaka majani yachipue.

Machi 15

Tessa amepasuliwa leo. Hakuniomba niende, lakini mama yake alinipigia simu akasema binti yake ameuliza kama nina kazi siku hiyo. Nikaelewa.

Nilikaa na Mama Tessa katika chumba cha kusubiri tangu asubuhi. Nje kulikuwa na ukungu wa masika, ule unaotoka kwenye theluji inayoyeyuka, na maegesho yote ya magari yalikuwa yamefutika. Daktari alipotoka akasema imekwenda vizuri, atatembea, atapanda milima akitaka, ila kukimbia na kuruka ndiyo basi. Mama yake akaenda nje kumpigia simu baba wa Tessa, nami nikaruhusiwa kuingia.

Alikuwa bado ndani ya usingizi wa dawa, anaibuka na kuzama. Mguu umefungwa kuanzia pajani. Alifumbua macho, akanitambua baada ya muda. Nikamnywesha maji kidogo. Alitazama ule mguu mrefu mweupe kama ni wa mtu mwingine aliyelala naye kitandani, na hapo machozi yakaanza kumtoka yenyewe, pembeni, yakiingia masikioni. Tangu Januari sikuwahi kumwona akilia.

"Kocha," akasema, ulimi mzito. "Nilikuwa mzuri? Sema kweli."

Nimepima wachezaji maisha yangu yote ya kazi, na najua mtu anapouliza hivyo akiwa amelala kitandani unatakiwa useme nini. Lakini aliniambia niseme kweli.

"Ulikuwa mzito wa kuruka," nikamwambia. "Mkono wa kushoto hukuwa nao kabisa. Mitupo huru ulikuwa unaitupa kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo."

Akaanza kucheka kwa kifua, bila sauti, huku machozi yanaendelea.

"Na kwa miaka minne," nikasema, "hakuna mtu aliyepita pale katikati bila kwanza kukuomba njia."

Alinitazama mpaka akahakikisha kwamba simdanganyi. Kisha akafumba macho, akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaushika kwa nguvu kama anavyoshika mpira ulioanguka, na usingizi ukamchukua. Sikuutoa. Mama yake alirudi akavuta kiti upande wa pili, tukakaa hivyo, yeye huku mimi kule, mpaka ukungu ukaanza kuondoka dirishani na magari yakarudi moja moja.